Mabao Mawili Yana Bei Gani?

"Mxiiiu! Namba, namba, namba! Tangu lini mpira ukachezwa kwa namba?"

Fundi baiskeli alisonya hadi muuza kahawa akalisimamisha birika hewani. Kilichomchefua ni kijana wa bodaboda, aliyekuwa ameinamia simu akitusomea orodha ya wafungaji kutoka juu kwenda chini, kila jina analitolea hukumu papo hapo: huyu asajiliwe, huyu atolewe kwa mkopo, huyu auzwe. Kazi ya mkurugenzi wa ufundi mwenzetu anaifanya juu ya pikipiki, kashata mdomoni.

Hapa Mtendeni dirisha la usajili halifungwi. Wenye ligi yao wafunge la kwao, sisi la kwetu liko wazi masika na kiangazi, na swali ni lilelile: Nyuki wamchukue nani? Kwa mgeni wa mji, Nyuki wa Tabora ni timu iliyopanda Ligi Kuu ikiitwa Kitayosce, ikageuka Tabora United, na tangu 2025 inaitwa TRA United, timu ya wakusanya kodi. Kijiwe kimegoma kubadili. Nyuki ni nyuki, hata akipewa namba ya mlipakodi.

"Mwalimu, hebu mwambie huyu mjukuu wako," fundi akaomba msaada.

Mwalimu alifundisha hesabu mpaka akastaafu, na ana tabia ya kusikiliza akiwa amefumba macho, ukadhani kalala. Fundi hakupata alichokitaka. "Mtoto hana kosa kusoma namba," Mwalimu alisema. "Kosa lake anasoma moja. Kafunga mangapi, sawa. Kwa dakika ngapi? Dhidi ya nani? Na hao aliowafunga walikuwa wangapi uwanjani?"

Hilo la mwisho lilituinamisha vichwa. Tulijua anatupeleka wapi.

Anatupeleka Chamazi, Agosti 2023. Mechi ya kwanza kabisa ya timu yetu Ligi Kuu, mbele ya Azam, kwao. Mambo ya usajili hayakuwa yamekaa sawa, wachezaji kadhaa hawakuwa na ruhusa ya kucheza, na timu ya mkoa mzima ikaingia uwanjani na watu wanane. Wanane, jamani! Feisal Salum, Fei Toto, akapiga matatu jasho halijamtoka. Ikawa nne bila. Wetu wakaanza kulala chini kwa maumivu, tukashuka chini ya saba, na sheria ya mpira inasema ukipungua saba hakuna mechi. Mwamuzi akapuliza kipenga cha mwisho hata nusu saa haijafika. Mji huu ulikuwa umesubiri Ligi Kuu tangu Rhino Rangers waiguse msimu wa 2013/14 na kushuka. Tuliyoisubiri ndiyo hiyo.

Msimu ulipokwisha, Stephane Aziz Ki wa Yanga akawa mfungaji bora kwa mabao 21, Fei Toto akamfuata na 19. Sasa kijana wa bodaboda anasoma 19 kama mtu anavyosoma bei kwenye mfuko wa sukari. Yale matatu ya siku ya watu wanane yamo humohumo, yamekaa na mengine, hayana alama yoyote ya kuyatambulisha. Mchezaji mwenyewe hana lawama hata chembe. Alikuta lango, akafunga, na hata ukiyaondoa anabaki na 16, ambayo kwa kiungo ni mzigo mkubwa. Lakini mtu anayetaka kumnunua mfungaji akasoma jumla peke yake, analipia na msiba wetu.

"Ndiyo maana nasema namba ni uongo," fundi akadakia.

"Namba haikusema uongo," Mwalimu akamjibu. "Ilisema matatu, na yalikuwa matatu. Wewe ndiye hukuiuliza la pili."

Akatuvuta nyuma zaidi, enzi za misafara, wakati mji huu ulipokuwa kituo kikuu kati ya Bagamoyo na Ujiji na Wanyamwezi ndio wapagazi waliotafutwa kuliko wote. Mzigo wa mpagazi ulikadiriwa kuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Wote wakibeba uzito unaokaribiana, utajua nani anatembea na nani anajikokota. Kwenye mpira, anasema Mwalimu, frasila zetu ni dakika tisini. Gawa mabao kwa dakika, zidisha kwa tisini, halafu ndio uwapange watu mstari mmoja. Yule aliyefunga sita akitokea benchi anaweza kuwa mbele ya aliyefunga kumi akicheza kila mechi mwanzo mwisho. Kisha ondoa penalti uzihesabu peke yake, kwa sababu penalti nne, tatu huwa zinaingia, na mpigaji ni aliyeteuliwa na kocha, si lazima awe mkali kuliko wenzake.

Sikiliza, mimi si mtu wa hesabu. Shuleni nilikuwa nakaa dirishani. Lakini hili nililielewa pale pale, na nikajiuliza kwa nini vipindi vyetu vya michezo redioni vinatumia saa nzima kubishana juu ya mshambuliaji bila kutaja dakika zake hata mara moja. Si kwamba hazipatikani. Tangu Azam Media na TFF wasaini ule mkataba wa miaka kumi mwaka 2021, wa shilingi bilioni 225.6, Ligi Kuu iko kwenye kamera. Mkanda upo. Anayekosekana ni mtu wa kukaa chini kuhesabu.

Kijana wa bodaboda hakukubali kushindwa kirahisi. Akaleta kesi ya msimu wa 2021/22. Mfungaji bora: George Mpole wa Geita Gold, mabao 17. Wa pili: Fiston Mayele wa Yanga, 16. "Sasa Mwalimu, dakika sijui, lakini hapa namba inasema Mpole. Nani kati yenu angemchukua Mpole akamwacha Mayele?"

Kimya. Hata wana Msimbazi, mashabiki wa Simba, waliokuwepo, ambao jina la Mayele linawawasha mpaka leo, hawakuinua mkono.

Na yaliyofuata tunayakumbuka. Mpole alivuka mpaka kwenda Lupopo ya Lubumbashi. Mayele msimu uliofuata akafunga 17, akalingana na Saido Ntibazonkiza aliyeanzia msimu huohuo Geita akamalizia Simba, na juu ya hapo akawa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho la Afrika kwa mabao saba, Yanga ikafika fainali na kuukosa mwali kwa bao la ugenini mbele ya USM Alger. Akauzwa Pyramids ya Misri, na mwaka 2025 akabeba nao Ligi ya Mabingwa. Geita Gold wenyewe walishuka daraja mwaka 2024.

Fundi akaona ushindi: jicho limeshinda namba. Mwalimu akamkatalia tena. Bao moja la tofauti katika mechi thelathini si tofauti, ni upepo: mpira uliogonga mwamba ukaingia, kipa aliyeteleza. Msimu mmoja ni ushahidi mdogo. Mayele alirudia. Akirudia mara ya pili, mashindano tofauti, mabeki tofauti, hapo namba imeanza kuongea. Na jicho la kijiwe, Mwalimu akaongeza bila huruma, lilimpenda Mayele kwa sababu ya kushangilia kwake kwa kutetema.

Tulicheka. Lakini lilichoma.

Kuona hivyo, kijana wa bodaboda akaruka bahari akaingia Marekani. Kule, akatueleza, kwenye ule mpira wao wa kofia ngumu, timu haziviziani wachezaji usiku hotelini. Vijana wakitoka vyuoni hupangwa, timu zote 32 zinapokezana kuchagua, raundi saba, na aliyeshika mkia ndiye anayechagua kwanza. Bingwa anasubiri mwisho. Zaidi ya hapo, zamu yako ya kuchagua ni mali: unaweza kuiuza, ukapewa zamu mbili za nyuma, au mchezaji.

"Mkiani anachagua kwanza?" Mama wa vitumbua, ambaye muda wote alikuwa kimya na karai lake, akageuka. "Yaani Nyuki wachague kabla ya Yanga? Hao watu wana akili."

Lakini ukishaanza kuuza zamu, lazima ujue zamu ina bei gani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 klabu ya Dallas Cowboys, chini ya kocha Jimmy Johnson, ikawa na jedwali lake. Zamu ya kwanza pointi 3,000. Ya pili 2,600. Ya kumi 1,300. Ya 32, inayofunga raundi ya kwanza, 590. Aliyelikokotoa ni Mike McCoy, mhandisi wa mafuta aliyekuwa na hisa klabuni. Jedwali likaenea, timu nyingine nazo zikaanza kulitumia, na kwa miaka mingi likawa ndilo mizani ya ligi nzima.

Mwalimu alifumbua macho yote mawili. "Hizo 3,000 alizitoa wapi?"

Kijana akasoma kwenye simu, akapandisha, akashusha. Mhandisi alitazama mabadilishano yaliyokwisha kufanyika, nani alimpa nani nini, akachora mstari unaopita katikati yake.

"Basi alipima watu wanalipa nini," Mwalimu akasema. "Hakupima wanapata nini."

Ningeomba msomaji anipe nafasi hapa nisonye kidogo, mxiu, kwa sababu sentensi hiyo ndiyo usajili wa Ligi Kuu yetu wote. Mshambuliaji anagharimu kiasi fulani kwa kuwa mwenzake mwaka jana aligharimu hivyo, na mwenzake huyo aligharimu hivyo kwa kuwa Simba na Yanga walimgombea. Thamani ya kazi yake haijaingia kwenye hesabu popote.

Thamani hiyo, kule kwao, Wamarekani wawili walikuja kuipima. Cade Massey na Richard Thaler, huyu wa pili ndiye aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2017. Walichukua wachezaji wa nafasi moja uwanjani waliochaguliwa wakifuatana, wa mbele na anayemfuata, wakauliza: yule wa mbele aligeuka kuwa bora mara ngapi? Jibu lilikuwa kama asilimia 52. Rusha shilingi, utakaribia hapohapo. Si kwamba wa juu kabisa hawafai, la. Kwa wastani wanawazidi wa chini. Ila bei inashuka kwa kasi kuliko ubora. Ukitoka zamu ya kwanza kwenda ya 32, jedwali la Dallas linakukata pointi mara tano, mpira wa mchezaji haushuki mara tano. Na siku zile wa kwanza alikuwa analipwa mpaka klabu inaumwa: Sam Bradford, 2010, mkataba wa miaka sita wa dola milioni 78 kabla hajacheza hata mechi moja ya ligi. Mwaka uliofuata makubaliano mapya yakabana, Cam Newton naye akiwa wa kwanza akapata kama milioni 22 kwa miaka minne. Hesabu ya Massey na Thaler ilionyesha kwamba kabla ya kubanwa huko, faida kubwa ilikuwa kwa wanaochaguliwa mwanzo wa raundi ya pili, ambao ni wazuri kiasi na bei yao haina kelele.

Mama wa vitumbua alikuwa wa kwanza kuelewa, wala sishangai, yeye ndiye pekee kati yetu anayejua faida yake ya kila siku. "Kwa hiyo anayechagua kwanza halipii mchezaji. Analipia kujiamini kwake."

Bodaboda akatupia la Tom Brady: mwaka 2000, chaguo la 199, akaja kutwaa ubingwa wao mkubwa mara saba. Fundi akapiga goti kwa furaha. Wataalamu 198 walipita mbele ya almasi! Mwalimu akamuuliza: na waliochaguliwa wa 198 na wa 200, mwaka huo na miaka mingine yote, unawajua? Fundi akasema hawajui. "Hapo ndipo hesabu ilipo," Mwalimu akasema, akafumba macho.

Halafu mtu akamtaja mtoto wetu, na kijiwe kikapunguza sauti.

Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, mita 2.21. Juni 2009, kwenye drafti ya kikapu ya NBA, Memphis Grizzlies walimchukua wa pili. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry. Tunajua, tunajua, tumeshachekwa vya kutosha. Lakini tuiangalie kama watu wazima. Mwaka wake wa mwisho chuoni Connecticut alikuwa na wastani wa pointi 13.6, riboundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mechi. Hizo si namba za kubahatisha, na urefu ule haufundishwi. Alikuwa ameanza kikapu amechelewa, Dar es Salaam, wakati wenzake wanashika mpira tangu wakiwa watoto. NBA aliishia wastani wa pointi 2.2. Na dunia ina vichekesho vyake: Oktoba 2012 Oklahoma City walimuuza Harden kwenda Houston, na mwaka huohuo Thabeet akawa mchezaji wa Oklahoma City.

Fundi, ambaye siku zote namba zinamkera, safari hii ndiye aliyezitetea. Alisema Memphis hawakukosea kumpenda, wangekosea kama wangekuwa na hakika. Nilimtazama mara mbili. Mtanzania wa kwanza NBA, ni yeye, na atakayesonya hapo asonyee nyumbani kwake.

Kufikia hapo kahawa ilishapoa, na hoja ikawa: kwa nini Ligi Kuu nayo isiwe na foleni ya namna hiyo? Vijana watoke UMISSETA, michezo ya shule za sekondari ambayo kitaifa imechezwa hapahapa Tabora miaka ya karibuni, wapangwe, mkiani achague kwanza. Mapingamizi yalimwagika. Mmoja akasema timu zitafungwa makusudi mechi za mwisho ili zipate zamu nzuri, jambo ambalo Wamarekani nao wanahangaika nalo. Mwingine akasema mtoto wa Urambo anayeipenda Simba tangu tumboni, umwambie amechaguliwa na timu asiyoijua, atakimbia usiku. Mimi langu lilikuwa dogo zaidi: tutawapanga kwa kitu gani? UMISSETA ikiisha tunabaki na jina la bingwa, jina la mfungaji bora, na picha ya mgeni rasmi. Dakika za kila mtoto, pasi, mipira aliyopokonya, nani aliandika?

Kutokuandika huko kuna gharama ya shilingi taslimu, si ya maneno. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa nje akiwa na mkataba, asilimia 5 ya fedha inagawanywa kwa klabu zilizomlea kuanzia mwaka anaofikisha miaka 12 mpaka 23. Mbwana Samatta alitoka African Lyon akaenda Simba, TP Mazembe, Genk, na Januari 2020 Aston Villa. Kila daraja la aina hiyo lina mgawo wa walezi. Lakini mgawo unafuata kumbukumbu za usajili. Timu ya mtaani iliyomlea mtoto miaka minne bila kumsajili popote itaangalia fedha zikipita angani kama ndege ya Mwanza.

Tukarudi kwa Nyuki, kwa kuwa kila kitu kinarudi kwa Nyuki.

Tarehe 7 Novemba 2024, Chamazi ileile iliyotuaibisha tukiwa wanane, tulimfunga Yanga 3-1. Offen Chikola alipiga mawili. Haikupita wiki mbili kocha wao Miguel Gamondi akawa ameondoka Jangwani. Na Julai 2025 Chikola akatambulishwa Yanga.

Swali la Mwalimu lilikuwa jepesi: Yanga walinunua mabao mawili, au walinunua zile dakika nyingine zote ambazo hawakuwa wanaangalia? Sisemi hawakumpima, huenda walimpima mpaka soksi. Nasema wakubwa wetu wana ugonjwa wa kumpenda aliyewaumiza, na aliyeumizwa huwa hapimi vizuri. Sisi tuliofurahi nasi tulikuwa wabovu vilevile: kwa kijiwe hiki, baada ya usiku ule Chikola alikuwa hauziki kwa fedha yoyote.

Nikasema ninavyoona, na nikajua nitazomewa. Timu ya ukubwa wetu ikipata mtu aliyemfunga Yanga mawili, ndio wakati wa kuuza, wiki hiyohiyo kama dirisha lingekuwa wazi. Bei haitapanda tena juu ya hapo. Fedha hiyo ichukue vijana watatu wa bei ya chini waliocheza dakika nyingi kwenye Championship, daraja la chini ya Ligi Kuu, na hakuna redio iliyowataja. Mmoja atafeli, pengine wawili.

"Msaliti mkubwa!" fundi akanipigia kelele. "Ukishauza, Jumamosi nani afunge?"

Mama wa vitumbua akauliza majina ya hao watatu. Sikuwa nayo. Kijana wa bodaboda akaanza kutafuta kwenye simu, akaleta wafungaji bora wa Championship, kumi bora, kutoka juu kwenda chini.

"Dakika," Mwalimu akamwambia.

"Hawajaweka, Mwalimu."

"Basi njoo uwanjani Ali Hassan Mwinyi na saa yako. Na kalamu. Karatasi nitakupa mimi."

Kijana akauliza kama kiingilio atalipiwa, na hapo ukazuka ubishi mwingine kabisa.